Kabla ya Amina

Jumamosi, 1 Machi 2025

Siku ya kodi. Nimeamka saa kumi na moja.

Huu ni mwezi wangu wa tatu kumfanyia kazi Mama Ngure, na bado kabla ya kugonga mlango wa kwanza nasimama kwenye tangi nikijifanya nasoma mita ya maji. Ploti yake ina vyumba kumi na viwili vya kupanga, na ukumbi mmoja unaotazama barabara ya Loitokitok. Chumba cha kumi na mbili nakaa mimi, kodi inakatwa kwenye mshahara. Huo ndio mlango pekee nisioogopa.

Muthoki wa chapati, chumba cha 4, alikuwa ameshatuma pesa kwa simu kabla sijanawa uso. Kila mwezi hivyo, saa kumi na mbili kasoro dakika chache, haizidi shilingi haipungui. Mzee Kiilu wa chumba cha 9 alinihesabia noti mkononi moja moja, kama bado yuko dirishani anakata tiketi. Miaka thelathini alifanya kazi reli. Kisha akaniuliza kama nimeoa. Nikasema bado. Akasema ndiyo maana natetemeka — mwanamume mwenye mke haogopi mlango wa mtu, ameshazoea kufokewa kwake.

Wanane wamelipa. Hakuna aliyenifokea. Risiti nane, nambari zinafuatana, sijafuta hata moja. Nimekula ugali wote.

Ukumbi sijagonga. Kesho — hapana, kesho Jumapili, watakuwa wanaabudu. Jumatatu.

Jumatatu, 3 Machi

Ukumbi umepangwa na kanisa la Mto wa Rehema. Watu kama sitini, viti vya plastiki, kinanda kimoja. Mchungaji ni Pasta Kivuva. Siku za wiki anashona sare za shule hapo hapo barazani, cherehani cha kukanyaga. Wanadaiwa Januari na Februari. Elfu tisa mara mbili, elfu kumi na nane.

Nilipanga maneno tangu juzi. Pasta, nimetumwa na Mama Ngure kuhusu kodi ya ukumbi. Hayo tu. Nikafika, nikasema, "Pasta, habari ya asubuhi." Akasema nzuri. Nikatazama cherehani. Akaendelea kukanyaga, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akanionea huruma.

"Umekuja kwa ajili ya kodi, karani."

Nikasema ndiyo.

Hakukasirika. Alisema pesa za watu wake zilikuwa bado shambani, na ndengu ndiyo sasa zimetoka. Jumapili ya tarehe tisa ni malimbuko. Kila nyumba italeta ilichovuna, vitu vitapigwa mnada, na kitakachopatikana kitaenda kwa kodi. Kanisa zima limekubaliana. Nikaandika kwenye daftari: ukumbi, tarehe 9. Akaniuliza kiuno changu ni ngapi, maana suruali inaning'inia. Nikasema sijui.

Nimerudi mwepesi. Jambo nililoliogopa tangu Ijumaa limeisha saa tatu asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Wepesi wa Jumatatu umekwisha.

Mama Ngure aliniita dukani kwake, kwenye mabati na misumari. Jina lake ni Mukami, lakini Emali nzima inamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alihamia hapa kutoka Murang'a na marehemu mumewe, miaka ishirini na miwili sasa, na bado anajua bei ya kila msumari bila kuangalia. Nikamsomea daftari. Vyumba vyote vimelipa isipokuwa cha 6, kitakacholipa Ijumaa. Akaitikia kwa kichwa, vizuri. Nikafika kwenye ukumbi. Nikasema tarehe tisa, malimbuko.

"Hadithi ya malimbuko nimeisikia tangu Januari," akasema. "Mbithi, mvua inakuja. Jumanne lori linaniletea mifuko mia tatu ya simiti na stoo yangu inavuja. Siwezi kulaza simiti nje ndiyo watu waimbe ndani."

Akafungua droo, akatoa kufuli. Jipya, la manjano, kubwa kama ngumi yangu. Funguo mbili kwenye waya.

"Majaribio yako yanaisha tarehe kumi. Mimi naenda Murang'a, kuna mazishi. Nikirudi Jumatatu uniwekee kitu kimoja hapa juu ya meza. Elfu kumi na nane, ama ufunguo wa hili kufuli likiwa kwa mlango wa kanisa. Funga Jumamosi jioni. Wakiliona, utashangaa vile pesa inapatikana. Ukiniletea kimoja, nakuandika kazi. Ukikosa vyote viwili, urudi kwenu Kikima upumzike."

Kisha akataka nimwambie yale masharti matatu, kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nikayasema. Usichukue kitu cha mpangaji, hata chai. Usimlipie mpangaji, hata shilingi. Usikate risiti kabla ya kushika pesa. Karani aliyenitangulia alianza na chai. Aliishia Mombasa na kodi ya miezi miwili.

Mwaka mmoja na nusu nilizunguka na diploma kwenye bahasha. Barua thelathini na moja za kuomba kazi. Nilizihesabu.

Kufuli nimeliweka chini ya mto wa kulalia. Sijui kwa nini hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha 6 amelipa. Bila neno. Risiti 0146.

Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani. Aliuliza kazi, nikasema nzuri. Aliuliza kama nimepata kanisa la kusali huku. Nikasema lipo moja, karibu kabisa na ninapokaa. Akamshukuru Mungu. Sikumwambia kwamba kufuli la kulifungia liko kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na moja jioni nilikwenda, kufuli mfukoni, suruali imevutwa upande mmoja.

Nilitarajia kukuta hakuna mtu. Walikuwepo. Kina mama wananyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi. Malimbuko yameanza kuletwa — magunia ya ndengu, mbaazi, maboga, kuku wamefungwa miguu chini ya mimbari. Muthoki wa chapati yuko katikati na kitabu, anaandika kila kinachoingia. Kumbe yeye ndiye mweka hazina wao.

"Karani, hiyo ni nini mfukoni? Umebeba jiwe la kujikinga na sisi?"

Wakacheka. Nikalitoa. Hakuna aliyeniambia nilitoe, nilitoa tu. Mama mmoja akabaki ameshika kopo la maji, matone yanamwangukia viatuni.

Pasta Kivuva akanichukua barazani. Kama angenisihi ingekuwa rahisi. Hakunisihi.

"Kesho njoo na kitabu chako cha risiti," akasema. "Keti mbele. Mnada ukiisha, chukua pesa zenu, uende. Zikikosekana, funga mwenyewe, mimi nitakushikia mlango."

Nikasema sawa. Nikarudi na kufuli langu.

Saa moja, ujumbe wa Mama Ngure kutoka Murang'a: "Umefunga?"

Nilikaa na simu mkononi nusu saa. Nikaandika "Nimefunga." Neno moja. Nikatuma.

Sijawahi kumdanganya mtu kwa maandishi. Uongo wa mdomo mtu anaweza kuusahau. Huu uko pale, na saa yake kando.

Jumapili, 9 Machi

Niandike polepole, kwa mpangilio, nione nilikosea wapi.

Niliketi mbele kama nilivyoambiwa. Shati nimelipiga pasi mara mbili, kitabu cha risiti mapajani. Pasta alihubiri kwa kifupi — watu walikuwa wanatazama kuku. Kisha akamwita dalali. Ni Mzee Kiilu. Sikumtambua mara moja: suti ya kahawia, na shingoni filimbi ya reli. Kitu kikiuzwa anapiga filimbi kana kwamba treni inaondoka.

Alianza na boga. "Mia mbili? Mia mbili ni ya boga la mtu mvivu. Hili limelala shambani miezi mitatu likiwaza juu yenu. Mia tatu kule nyuma. Mia tatu na hamsini — asante dada, na mzee wako yuko wapi akuongezee?" Filimbi. Boga likaenda kwa mia nne.

Ndengu ziliuzwa kwa debe. Hapo Mzee Kiilu alikuwa na simu sikioni. Kila watu wanapopoa, anainua kidole: "Mtu wa simu anasema elfu mbili." Watu wanageuka kutazamana. Mtu wa simu ni nani? Hasemi. Madebe mawili yakaenda kwa mtu wa simu, elfu mbili mia nne kila moja. Pesa ikaingia kwenye simu ya Muthoki hapo hapo, naye akaweka noti zake za chapati kwenye besheni badala yake. Besheni ilikuwa ya bluu, juu ya kiti, mbele yangu kabisa. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo.

Kisha jogoo. Mwekundu, shingo haina manyoya. Muthoki akainua mkono, mia tano. Filimbi.

"Mwenye jogoo, unampeleka wapi?"

"Namnunulia karani wetu," akasema Muthoki. "Tazameni alivyokonda. Watu watafikiri tunamla sisi."

Kanisa zima likacheka. Jogoo akawekwa mikononi mwangu kabla sijakumbuka sharti la kwanza. Lakini najua la kufanya ukinunuliwa kitu, nimekulia kwenye minada hii Kikima. Unarudisha, kinauzwa tena. Nikasimama nikasema, "Narudisha." Wakapiga makofi.

"Harudi peke yake," akasema Mzee Kiilu. "Toa cha kumsindikiza."

Nikatoa mia mbili. Mtu ameketi mbele, watu sitini wanamtazama, jogoo kwapani. Ungetoa pia. Hilo lilikuwa sharti la pili, nimeligundua sasa hivi ninapoandika.

Jogoo akauzwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila aliyemnunua akamrudisha. Wa mwisho, fundi wa baiskeli, alisema apewe karani, ameshamzoea. Mzee Kiilu akapiga filimbi ndefu. Akasema sasa treni imefika mwisho wa reli. Jogoo akabaki nami.

Muthoki akahesabu mbele ya wote. Elfu kumi na tisa, mia nne na hamsini.

Ilizidi. Sijui nieleze vipi. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua mzigo. Nikafungua kitabu hapo hapo juu ya goti, nikaandika 0147, ukumbi, Januari na Februari, elfu kumi na nane, sahihi. Nikaikata, nikaenda nikaiweka kwenye besheni juu ya noti. Wao wachukue risiti, mimi nichukue pesa. Sharti la tatu. Pesa nilikuwa bado sijaishika.

Pasta akasema tunyooshe mikono tuombe.

Mikono sitini ikaelekea besheni. Na wangu. Aliombea mashamba, akaombea mvua, akamwombea Mama Ngure kwa jina lake na safari yake ya mazishi. Kisha akaniombea mimi, kijana huyu aliyetumwa kazi ngumu. Nikasema amina. Nafikiri niliisema kwa nguvu kuliko wote.

Nikanyoosha mkono kuchukua. Muthoki akaifunika besheni kwa kitambaa.

"Karani, hii imeombewa."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, hakuwa na hasira hata kidogo. Kabla ya maombi zilikuwa pesa za mnada, angenipa bila kuuliza. Sasa ni sadaka. Sadaka haitoki mpaka kamati ikae na iandikwe. Kamati inakaa Jumanne jioni. Na fungu la kumi linatangulia kwenda makao makuu, Tawa.

"Lakini dada Muthoki, ilikuwa ya kodi."

"Ilikuwa."

"Pasta mwenyewe alisema —"

Pasta alikuwa anajikuna shingo. "Nilisahau," akasema. "Mimi nikiona watu wametulia, naomba."

"Ungekohoa tu," Muthoki akaniambia. "Kabla ya amina, ungekohoa hata mara moja, ningekupa."

Na sharti hili halikuwa geni kwangu! Kwetu ni hivyo hivyo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, nimelijua tangu nikiwa mdogo. Nilijua, na bado nilinyoosha mkono na wenzangu.

Nikaomba basi risiti yangu. Akasema risiti ilikuwa ndani ya besheni. Imeombewa nayo, itangoja Jumanne. Hapo Mzee Kiilu alishika kiti asianguke. "Hata risiti imeokoka," akasema, na akacheka filimbi ikiwa mdomoni, ikawa inalia yenyewe.

Nimepiga hesabu chumbani. Fungu la kumi la elfu kumi na tisa mia nne na hamsini ni elfu moja mia tisa arobaini na tano. Inabaki 17,505. Upungufu ni 495. Hiyo ndiyo bei ya amina yangu. Mimi mfukoni nina mia moja na sitini mpaka mwisho wa mwezi.

Kufuli haliko mlangoni. Pesa haiko mkononi. Risiti 0147 haimo kitabuni. Chini ya kitanda kuna jogoo, na kwenye geti kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe mwezi uliopita: KUKU NA MBUZI HAWARUHUSIWI.

Jumatatu, 10 Machi

Jogoo aliwika saa kumi na moja. Chumba cha 6 akafungua mlango akauliza ploti nzima ni nani amehamia.

Saa mbili nilikuwa dukani. Mama Ngure alikuwa anampimia mtu misumari. Bado ana kitambaa cheusi cha mazishi kichwani. Nilikuwa nimeazimia kusema kabla sijaulizwa, na sikuweza.

"Hela ama ufunguo?"

Nikaweka juu ya meza vyote nilivyokuwa navyo. Kufuli, funguo zote mbili, kitabu cha risiti.

"Sikufunga, Mama. Niliandika nimefunga na sikufunga."

Baada ya hapo yakatoka yote. Jogoo, mia mbili, risiti, besheni, mikono. Mteja wa misumari alishapewa misumari yake na hakuondoka. Mama Ngure hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Uliomba nao?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukanyoosha mkono?"

"Ndiyo."

"Na amina ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa sauti?"

Nikasema kwa sauti.

Akaketi juu ya mfuko wa simiti, akavua miwani. "Basi huyo Muthoki ako sawa," akasema. "Mimi nimekuwa mweka hazina wa kina mama kanisani kwetu miaka kumi na moja. Pesa ikishaombewa, hata askofu anangoja kamati."

Sikujua nikae au nikimbie. Nikabaki nimesimama.

Kisha akasema kuhusu lile neno moja nililomtumia. Alijua tangu jana. Yeye ndiye mtu wa simu. Mzee Kiilu humpigia kila mwaka wakati wa malimbuko, kwa sababu ndengu za kanisa hilo hupembuliwa vizuri, hazina mawe. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya matanga, simu sikioni, ananunua madebe yake mawili, na nyuma ya sauti ya Mzee Kiilu anasikia kinanda.

"Nikajiuliza, kanisa nimefunga, na kinanda kinapigiwa wapi?"

Mteja wa misumari akasema, "Kwa hivyo Mama Ngure, umejilipia kodi." Alifukuzwa na misumari yake.

Hukumu ni hii. Kwa ule uongo, haniandiki kazi leo. Ananiongezea siku moja. Lori la simiti likifika kesho litasimama mbele ya ukumbi, na kamati ikikaa mimi niwe mlangoni. Zikitoka elfu kumi na nane kamili, atakodi stoo ya jirani, itamuuma lakini atakodi, na mimi nitaandikwa. Ikipungua hata shilingi, simiti inaingia ukumbini na mimi nitajua njia ya Kikima. Nikasema zile 495 naweza kukopa. Akavaa tena miwani, akanitazama juu yake. Akauliza sharti la pili linasemaje.

"Na jogoo asilale tena kwa ploti yangu," akasema. "Kibao uliandika wewe."

Akanirudishia kitabu. Kufuli pia, akasema nikae nalo.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya mabati, nikapumua. Nilikuwa nimeshafunga nguo kwenye mfuko asubuhi, nimezifungua zote, nimezitundika. Uongo wangu umesemwa mbele ya watu na bado nina ufunguo wa chumba changu. Nimelala mchana dakika ishirini. Jogoo pia alilala. Usiku huu yuko kwa fundi wa baiskeli, kwa ombi maalum.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa barazani mwa ukumbi, kwenye benchi. Daftari hili liko ndani ya kitabu cha risiti, wakinitazama waone karani yuko kazini. Jogoo amefungwa kwenye mguu wa benchi.

Lori lilifika saa kumi. Limerudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Vibarua wanne wako juu ya simiti, wanatafuna miwa, wanangoja kuambiwa. Upande wa vilima vya Chyulu wingu limejaa. Mama Ngure ameketi kiti cha mbele cha lori kando ya dereva, kioo nusu.

Kamati ni watu watatu: Pasta, Muthoki, Mzee Kiilu. Mlango uko wazi, nasikia yote. Muthoki anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, neno kwa neno, mpaka viti viwili vilivyovunjika. Kibarua mmoja ameniuliza kama huko ndani ni mahakama.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Wamekubali! Mzee Kiilu amependekeza, Pasta ameunga mkono, Muthoki ameandika. Elfu kumi na saba, mia tano na tano zitoke kwa kodi. Fungu la kumi limewekwa kwenye bahasha ya Tawa. Zinapungua 495. Pasta ana mia moja ya uzi wa sare za watu. Muthoki anasema alichokuwa nacho alikitoa Jumapili, kilichobaki ni unga wa kesho. Nje dereva amewasha injini, ameizima.

Nimeenda mlangoni na jogoo.

"Narudisha," nikasema.

"Karani," akasema Muthoki, "unarudisha mara ya pili?"

Nikasema kwa kamati. Si wangu tena, sina pa kumlaza. Mzee Kiilu alikuwa ameshatia filimbi mdomoni.

Mnada uko hapa ngazini sasa, naandika nikiwa nimesimama. Kibarua anasema mia mbili. Mzee Kiilu anamwambia hiyo ni bei ya yai lake. Mia tatu. Dereva ameshuka. Anauliza, jogoo gani huyu, shingo amenyolewa na nani? "Hiyo nimekupunguzia kazi," anasema Mzee Kiilu, "mkeo atanyonyoa kiwiliwili tu." Mia tatu na hamsini. Mia nne, kibarua. Wenzake wanamchangia. Mia nne na hamsini, dereva. Mzee Kiilu anageukia lori: "Mtu wa simu leo hana salio?" Mama Ngure amepandisha kioo. Lakini nimeona amefunika mdomo.

Mia nne na themanini, vibarua. Haitoshi. Dereva anamtazama jogoo, jogoo anamtazama dereva.

Mia tano, dereva. Filimbi.

Noti iko mkononi mwa Mzee Kiilu, ameiinua juu watu waione. Muthoki ametoka na besheni, zile 17,505 ndani, risiti yangu juu yake, kitambaa begani. Ananitazama mimi tu. Tone la kwanza la mvua limeanguka kwenye ukurasa huu.

Watu wametulia wote, hata vibarua. Pasta amevua kofia. Anafumba macho. Anavuta pumzi —

Nakohoa. Kwa sauti.